Chombo cha Kurudi Nacho

Chombo changu cha kwanza kilikuwa na sura nzuri kuliko vyote nilivyotengeneza baadaye. Kifupi, kipana, rangi ya manjano, kimetulia majini kama sinia. Tulikishusha Msuka, kaskazini ya Pemba, mwezi wa Julai, mimi na binamu yangu, saa tatu asubuhi, bahari imelala kimya mbele yetu. Baada ya dakika ishirini tulikuwa tumekwenda mbali hata sauti za watoto waliokuwa wakicheza pwani hazitufikii tena, na wala hatukuwa tumetoka jasho. Tulipogeuza ndipo tukamjua aliyekuwa akipiga kafi muda wote ule. Alikuwa kusi. Tulivuta karibu saa nzima, minazi haisogei, mpaka mzee mmoja aliyekuwa akirudi na ngalawa yake akatutupia kamba. Hakutukemea. Alikitazama kile chombo chetu cha manjano akasema, "Wanangu, hiki mmekitengeneza cha kwendea tu."

Tangu siku hiyo kila nikikaa na penseli kubuni chombo cha kujifurahishia, cha nguvu za mikono, naanza na safari ya kurudi. Kwenda hakuhitaji ubunifu mkubwa. Hata mlango wa zamani utakupeleka. Nitakayoeleza hapa ni mbinu za kubuni ngalawa ndogo ya kafi ya watu wawili, ya kutembelea ghuba ya Msuka, kuangalia matumbawe, kuvua kidogo kwa mshipi na kupeleka wageni. Aliyeko Wete, Nungwi au Tanga atalazimika kubadilisha baadhi ya vipimo, kwa sababu upepo wake na ufukwe wake ni vingine.

Ghuba yetu imefungua mdomo upande wa kaskazini. Magharibi inakingwa na ule mkono wa ardhi unaoishia Rasi ya Kigomasha, penye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1900. Kwa hiyo pepo zetu mbili hazina tabia moja hapa. Kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Machi hivi, huingia mdomoni mwa ghuba na kuumua mawimbi ufukweni. Inatisha, inalowesha, inaahirisha safari, lakini ukichoka inakusukuma nyumbani. Kusi ya katikati ya mwaka inatokea nchi kavu. Karibu na pwani miti inaikata, maji yanakuwa kama ya birikani, na kadiri unavyotoka ndivyo inavyokushika mgongoni. Juu ya hayo, mkondo mkuu wa pwani ya Afrika Mashariki unakwenda kaskazini, na wakati wa kusi huongeza mwendo. Ukiipita rasi umeingia katika bahari ya kina kikuu iliyo baina ya Pemba na bara, na upepo huo huo unakuelekeza Kenya. Kwa chombo ninachokieleza hapa, rasi ndiyo mpaka, kiwe kimejengwa vizuri namna gani.

Chombo cha Msuka, basi, kinatakiwa kikate upepo wa mbele kikiwa na watu waliokwisha kuchoka. Sharti hilo moja linaamua karibu kila kipimo.

Anza na uzito. Watu wawili wa kilo 70 ni 140. Chombo cha plaiwudi ya milimita 6, pamoja na matengo yake, weka 45. Makafi, nanga ndogo, maji ya kunywa na kikapu cha chakula, 15. Jumla kilo 200. Chombo huelea kwa kusukuma maji yenye uzito sawa na uzito wake, na lita ya maji ya bahari ina kilo moja na gramu 25 hivi, kwa hiyo sehemu inayozama lazima iwe na ujazo wa lita 195. Sasa chukua urefu wa mita 4.5 kwenye usawa wa maji na upana wa sentimita 60. Zidisha upate 2.7, kisha ukate nusu, kwa sababu omo na tezi zimechongoka na mbavu zimeinama, inabaki 1.35. Lita 195 ni mita ya ujazo 0.195. Gawa kwa 1.35 upate 0.144. Chombo kitazama sentimita 14 na nusu. Hesabu hii ya mkononi si ya mhandisi wa meli, ila haijawahi kunidanganya kwa zaidi ya sentimita mbili.

Ubavu ukiwa na kimo cha sentimita 32, unabakiwa na 17 juu ya maji. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanaongeza ubavu ufike nusu mita wakidhani wameongeza usalama, kumbe wametandika tanga. Upepo ukizidi mara mbili, nguvu yake inazidi mara nne, na kila sentimita ya ubavu ni ubao unaosukumwa na upepo huo kukurudisha nyuma. Hofu ya mawimbi kuingia itulize kwa kufunika omo na tezi, kila upande sentimita 90 hivi, na kuacha sehemu ya kukaa tu wazi. Chombo kinabaki chini, na maji ya omo yanateleza pembeni badala ya kumwagika mapajani.

Kwa nini mita 4.5, wakati cha mita mbili na nusu ni chepesi zaidi na kinaingia katika pikapu? Chombo kinachokata maji hujitengenezea wimbi lake chenyewe, na kuna mwendo ambao ukitaka kuupita jasho lako lote linaishia kulikuza wimbi hilo. Kuukadiria, chukua kipeuo cha pili cha urefu kwa mita, zidisha kwa 4.5, utapata kilomita kwa saa. Cha mita 4.5 kinafika 9.5. Cha mita 2.5 kinagota kwenye 7. Wapiga kafi wa matembezi huenda kilomita 5 tu, kwa hiyo mtu anaweza kusema vyote viwili vinatosha. Havitoshi. Katika mwendo huo kile kirefu kinatumia nusu ya uwezo wake na kinateleza. Kifupi kimeshaanza kupanda wimbi lake, na bado kusi hajatia mkono. Chombo changu cha manjano kilikuwa na mita mbili na robo.

Mita tano na nusu ingekuwa bora zaidi baharini, ila chombo hicho kinapandishwa ufukweni na watu wawili, na bamvua letu linapokauka maji yanaondoka mbali sana. Bahari ya huku hupanda na kushuka karibu mita nne wakati wa bamvua. Ukirudi saa mbaya utabeba chombo juu ya mchanga, mawe na majani ya bahari, jua la saa saba likiwa utosini. Kilo 45 zinabebeka. Mtumbwi wa mwembe wa urefu huo huo, wa kuchonga kwa tezo, haubebeki hivyo, ukiacha kwamba mwembe mkubwa ni kivuli na embe za ukoo mzima na siwezi kumshauri mtu aukate kwa ajili ya matembezi.

Tuje kwenye matengo, maana bila hayo chombo cha sentimita 60 kitakutupa mara ya kwanza utakapogeuka kumtazama kasa. Ngalawa zetu zina miti miwili iliyokatiza juu ya mtumbwi, na kwenye ncha zake vibao ambavyo wengine huviita ndubi na wengine rengu. Vitazame vizuri siku moja ngalawa ikiwa kavu. Si maboya. Ni mbao nyembamba zilizosimamishwa kwa mshazari, na kazi yake inaonekana chombo kikiwa kinakimbia kwa tanga: maji yakipita chini ya ubao ulioinama yanaunyanyua. Chombo kikisimama, ubao ule una msaada mdogo sana. Wavuvi wanalijua hilo mwilini bila kuhitaji kulisema, ndiyo maana wanakaa walivyokaa. Mgeni uliyemchukua kuangalia matumbawe hajui. Atasimamisha chombo, ataegemea pembeni na kofia yake, na mtakuwa majini.

Kwa hiyo usinakili ndubi za ngalawa ya tanga. Chombo cha kafi kinachosimama mara kwa mara kinataka ndubi zenye kuelea. Bomba la plastiki la maji taka la inchi nne, urefu wa mita mbili, vifuniko vikigandishwa kote kote kwa gundi yake, lina ujazo wa lita 19 hivi. Ukitoa uzito wa bomba lenyewe linabaki na nguvu ya kubeba kilo 16. Liweke mita moja kutoka katikati ya chombo. Mtu wa kilo 70 akiinama sentimita 20 upande mmoja anasukuma sawasawa na kilo 14 zilizowekwa umbali wa mita moja, bomba linamhimili. Wakiinama wote wawili kwa pamoja halitoshi peke yake, na umbo la chombo linasaidia kidogo tu, kwa hiyo mtazamaji awe mmoja kwa zamu. Ukitaka kuwapa watu uhuru zaidi, peleka bomba mpaka mita 1.2. Usizidishe hapo, kwa kuwa mti mrefu huvunjika shinani na chombo kinakuwa kipana mno kupishana na kamba za mwani.

Acha ndubi zining'inie sentimita tatu juu ya maji chombo kikiwa kimesimama sawa na kimebeba watu wake. Zikilala majini zote mbili muda wote zinakokota, na wewe ndiye unayelipa. Zichonge omo zake, au zifunge vifuniko vyenye ncha. Bomba lililokatwa butu linatapika maji kama bata anayeoga. Matengo yafunge kwa kamba, usiyapige bolti. Bahari hupinda kila kitu kidogo kidogo, na tundu la bolti ndipo ufa unapoanzia, ilhali fundo la kamba linakubali kupindwa. Mimi hutumia vipande virefu vya tyubu kuukuu ya baiskeli, navivuta kwa nguvu na kuzungusha mara nyingi, halafu nafunga kamba ya nailoni juu yake. Jioni unafungua, na chombo kinapita uchochoroni.

Kwa kuwa nimetaja baiskeli, wacha nilimalize suala la pedeli, maana kila kijana ninayezungumza naye ana wazo la kuchukua fremu ya baiskeli na kuitia pangaboi. Wazo si la kipuuzi. Miguu ina nguvu kuliko mikono, na pangaboi lililochongwa vizuri hupoteza nguvu kidogo kuliko kafi. Mwaka 1991 mhandisi wa Marekani, Mark Drela, alipiga pedeli chombo kiitwacho Decavitator na kufika noti 18.5, zaidi ya kilomita 34 kwa saa, katika mto wa Boston. Lakini mto ule hauna chumvi, na chombo chenyewe kilikuwa kikipaa juu ya mabawa ya chini ya maji kwa mwendo wa mita 100. Msuka mnyororo utakula kutu kabla hujamaliza mwezi, majani ya bahari yatalifunga pangaboi, na maji yakipwa litagonga jiwe. Kafi likigonga jiwe unalivuta tu. Anayetaka pedeli akajaribu ziwani au kwenye bwawa.

Kafi lenyewe lisitengenezwe kwa mabaki ya mbao. Mtu hupiga mapigo thelathini kwa dakika bila kujitesa, yaani 1,800 kwa saa. Ukipunguza gramu 300 kwenye kafi, umejiokolea kunyanyua kilo 540 kila saa. Chagua mti mwepesi wenye nyuzi zilizonyooka, usio na vifundo, na upunguze kwa randa mpaka uogope, kisha upunguze tena kidogo. Kwa chombo chetu, kafi la bapa mbili liwe na mita 2.4, la bapa moja lifike kidevuni likisimamishwa chini. Mshikaji wa nyuma apewe la bapa moja, kwa kuwa analitumia pia kuongoza. Chini ya tezi weka pezi dogo la kina cha sentimita 12 ili chombo kisigeuzwe-geuzwe na upepo wa ubavuni, na lilalie nyuma kama pezi la papa aliyechoka. Pezi lililosimama wima litanasa kamba ya mwani, na hutapenda kuwaeleza kinamama waliopanda mwani ule kilichotokea kwenye vigingi vyao.

Ujenzi ni wa kushona. Ndiyo, kushona, kama mtepe. Vyombo vile vya mababu, mbao zilizofungwa kwa kamba za makumbi bila msumari, vilikwisha kutoweka baharini, lakini ujanja wake umerudi kwa mlango mwingine. Mwaka 1962 Waingereza walibuni mashua ndogo iitwayo Mirror, ya plaiwudi iliyoshonwa kwa waya na kuzibwa kwa utepe na gundi, ili mtu asiye fundi aijenge nyumbani. Tofauti ni kwamba kwenye mtepe mshono ndio uliobeba kazi hadi mwisho, na hapa unashikilia tu mpaka gundi ikauke.

Plaiwudi yetu ni ya futi nane kwa nne, mita 2.44 kwa 1.22. Unganisha mbili kwa urefu, kwa kiraka cha ndani cha sentimita 15, upate mita 4.88, omo na tezi zikishalala mshazari zinakuachia zile 4.5 za kwenye maji. Katika upana, kata sakafu ya sentimita 45 na mbavu mbili za 36. Jumla 117, na msumeno unabakiwa na nafasi yake. Plaiwudi ya tatu ni ya kufunika omo na tezi, viti na kuta mbili za ndani. Plaiwudi ya baharini ni shida kuipata dukani, basi kabla ya kununua nyingi omba kipande, kichemshe kwenye sufuria saa nzima, ukianike, ukichemshe tena. Kikiachana matabaka, hata bei iwe nzuri vipi, iache.

Toboa matundu kila sentimita kumi kwa keekee, shona kwa mshipi wa kuvulia au waya laini, nyoosha umbo mpaka mistari ya pande zote mbili ifanane, ndipo upake epoksi na utepe wa nyuzi za kioo kwenye maungio. Hapa joto la Pemba ni adui. Epoksi ikichanganywa nyingi kwenye kopo refu huchemka yenyewe na kuganda mkononi mwako. Changanya kidogo kidogo, kwenye sahani pana, mapema asubuhi, na ikiwezekana wakati wa kipupwe badala ya masika. Kingo za plaiwudi zilizokatwa zishibishe gundi mara mbili tatu, maana maji huingilia hapo. Na tafadhali, sifa isikaribie kazi hii. Nayapenda mafuta ya papa, na harufu yake kwangu ni harufu ya utoto, lakini mti ulioonja mafuta haushiki gundi tena. Nimeona chombo kizima kikifumuka kwa sababu babu alitaka kusaidia.

Ndani ya omo na tezi, kabla hujafunika, sukuma madumu mawili mawili ya lita 20, matupu, yamefungwa kizibo kwa nguvu na kufungwa kamba yasicheze. Manne yana uwezo wa kubeba kilo 80. Ukuta ukivuja, madumu yanabaki.

Usikishushe kwa mara ya kwanza siku ya sherehe. Ngoja maji mafu, siku ambazo bahari haipandi wala haishuki sana, uingie maji ya kiuno. Kijaze mifuko ya mchanga kilo 140, pima kimezama kiasi gani, linganisha na hesabu yako. Toa mchanga, ingieni wawili, inameni. Kisha kijazeni maji mpaka pomoni na mkae ndani: kikiendelea kuwabeba mabega yakiwa nje, ni chombo. Mwisho kipindueni makusudi na mjifunze kukirudisha na kupanda, kwa kutokea tezi, mara tano au sita, mpaka iwe mchezo. Koti la kuokolea livaliwe kuanzia jaribio hili. Pemba ilizika watu wengi baada ya usiku ule wa kuamkia 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama ikija huku, na sioni kwa nini nihitaji kueleza zaidi.

Halafu kajaribu kurudi. Siku ya kusi ya wastani, maji yakiwa yanajaa, toka dakika kumi kwa saa, geuza, uhesabu dakika za kufika. Zikiwa kumi na tano, chombo kizuri. Zikipita ishirini na tano, rudi kwenye ubavu wako na makafi yako kabla ya kumlaumu upepo. Ukiwa nje, linganisha vitu viwili vya nchi kavu, mnazi wa mbele na paa la nyuma yake; vikianza kuachana na wewe umekaa tu, unachukuliwa, na kadiri vinavyoachana upesi ndivyo unavyochukuliwa upesi. Mjulishe sheha na wavuvi wa hapo utakapokuwa, na ukitaka kuzunguka upande wa magharibi ujue kwamba kule kuna eneo la hifadhi la PECCA, la tangu 2005, lenye taratibu zake.

Chombo changu cha nne kilifuata vipimo hivi. Nilikipeleka Msuka kusi iliyofuata, nikaenda, nikarudi, nikakipandisha mwenyewe na binamu yangu. Yule mzee wa kamba alikuwa amekaa kivulini anashona wavu. Akaja, akakizunguka, akagonga ndubi kwa ukucha, akachungulia ndani.

"Upo?" akaniuliza.

"Nipo, ami, alhamdulillah."

Akacheka mpaka akakohoa. "Nakuuliza upo, mwanangu. Upo wa kukumbia maji."

Nilikuwa nimepima kila kitu, upo sikuutia. Tukachukua dumu la lita tano, tukalikata mshazari kuanzia chini ya mpini, tukalifunga kwa kamba ya mita moja kwenye kiti cha nyuma.